Kumzoesha mbwa mdogo asivute kamba

Kwanza, kamba isifungwe shingoni. Koo la mbwa mdogo ni laini, akivuta atakohoa. Tumia mkanda wa kifuani. Simba wangu (jina kubwa, mwenyewe hafiki gotini) namtembeza Kizingo, mtaa wa Mombasa, asubuhi mapema, lami haijapata moto wala tuktuk hazijaanza fujo. Mfukoni nina maini ya kuchemsha, vipande kama punje za mahindi.

Akivuta, simama. Usimkaripie wala usimvute nyuma. Tulia mpaka kamba ilegee, wapita njia na wakutazame wapendavyo. Ikilegea, mpe kipande pembeni mwa mguu wako, chini usawa wa pua yake, asije akazoea kurukaruka, kisha mwendelee. Ukiona paka, na Mombasa hawakosekani, geuka mapema kabla mbwa hajakaza kamba.