Grili na boneti ya toleo lingine
Kabla hujanunua grili (wavu wa mbele ya gari) ya toleo jipya uifunge kwenye gari la zamani, angalia inashikwa na nini. Kwenye magari mengine grili hufungwa kwenye boneti yenyewe, mengine kwenye bampa. Ikiwa ni ya boneti, mara nyingi utabadili vyote viwili, pengine hata taa, maana ukingo wa boneti hufuata umbo la taa. Linganisha namba za vipuri, usiamini macho. Kwenye magari yenye rada (kihisi cha kupima umbali wa vilivyo mbele) nyuma ya nembo, grili isiyo yake inaweza pia kuivuruga.

Ukishaifunga boneti mpya kwenye gari, ishushe polepole uone kama ndoano inaingia katikati ya kufuli, na ile ya pili ya usalama inashika. Isiposhika, tafadhali usiingie barabarani: boneti ikifyatuka kwenye mwendo, huoni kitu.