Mtamba ni yupi hasa, na ulitumieje hilo neno usipigwe

Watu wa mjini ukiwaambia mtamba wanakukodolea macho, na wanaolijua wengi wanamwita hivyo ng'ombe jike yeyote yule, ndo hapo mtu anapopigwa. Mi nilipigwa. Niliona tangazo mtamba anauzwa huko njia ya Muheza, nikatoa hela ya mtamba, nafika nae nyumbani mzee jirani yangu kamzunguka mara moja tu akacheka, "Mjomba, nani kakwambia huyu mtamba? Mbuguma huyu, keshazaa si chini ya mara mbili."

Sasa shika hivi: mtamba ni jike aliyekua ila hajazaa bado. Akiwa mdogo ni ndama, akishazaa ni mbuguma, japo mbuguma sa hivi utalisikia kwa wazee tu, wengine wanasema ng'ombe mzazi na wanaelewana. Kinachowachanganya watu ni mimba. Mtamba akipandwa akashika anabaki kuwa mtamba miezi yote tisa mpaka siku ndama anaanguka chini, kwa hiyo mtu akikuandikia "mtamba mwenye mimba ya miezi saba" hajakosea, na huyo ndo bei yake inachangamka kwa sababu unasubiri kidogo tu unaanza kukamua.

Huku Tanga neno halijafa kwa ajili ya maziwa, na ile mikopo ya ng'ombe, unapewa mtamba mwenye mimba halafu na wewe unakuja kulipa mtamba apewe mwenzio. Mtamba, sio dume! Akizaa dume deni liko palepale, ndo utajua waliosema ng'ombe wa maskini hazai, akizaa huzaa dume, hawakuwa wanatania.

Ukiwa nao zaidi ya mmoja sema mitamba wawili wamefika, usiseme mitamba miwili imefika, hao ni wanyama sio miti (magazetini utaikuta sana hiyo imefika, achana nayo). Na kwa mbuzi au kondoo jike kijana ambaye hajazaa kuna neno lake, mfarika. Upande wa madume ni chapchap, fahali ni dume la mbegu, akihasiwa ni maksai, wa kuvuta plau au mkokoteni, huyo usimtegemee akupandie mtamba wako.

Haya, umefika kwa muuzaji na anakuapia kuwa ni mtamba. Inama kwanza uangalie kiwele, cha mtamba kimebana na chuchu ni fupi, aliyekwisha kamuliwa chuchu zimerefuka na kiwele kinaning'inia kama mfuko uliotumika. Halafu mwambie amfungue mdomo, utaona meno ya mbele ya chini peke yake, usishtuke, ng'ombe ya juu mbele hana. Meno makubwa yanaota mawili mawili kuanzia katikati, jozi ya kwanza ni kwenye miaka miwili hivi, ukikuta yote manane yameshajaa ujue huyo ana kama miaka minne au zaidi, sasa muulize mwenyewe, miaka yote hiyo hajazaa kwa nini? Ama anakudanganya ama anakuuzia tasa. Pembe nazo zinasema, kila uzazi unaelekea kuacha pete pale kwenye shina, ila hawa wa maziwa wengi wamechomwa pembe wangali ndama kwa hiyo hapo huna cha kusoma. Mimba usiipime kwa macho, mlipe daktari wa mifugo aingize mkono, ukimkwepa kwa kubana hela utakuja kumtafuta usiku.

Mwisho karatasi ya mauziano. Mi nilibebana na yangu hadi kwa mwenyekiti wa mtaa, akaisoma, akaniangalia: "Hapa pameandikwa ng'ombe jike mmoja. Kwani umepewa dume?" Nikakosa la kujibu. We andika hivi, namuuza mtamba mmoja ambaye hajawahi kuzaa, rangi yake hii na alama zake hizi, kama ana mimba andika ya miezi mingapi na nani kapima, akija kuonekana ni mzazi hela inarudi. Asaini na shahidi wako, sio shemeji wa muuzaji.