Somo: Kuanza Ndondi kwa Mtu Ambaye Hajawahi Kuvaa Glovu

Somo hili linamhusu mtu ambaye hajawahi kuvaa glovu na anataka kujifunza ngumi hapa Tanga, iwe kwa ajili ya afya au kwa nia ya kupanda ulingoni baadaye. Tangu Hassan Mwakinyo, mtoto wa mji huu, alipomshinda Sam Eggington katika raundi ya pili mjini Birmingham mwaka 2018, wengi wanaokuja mazoezini hutaka wafundishwe kwanza ile ngumi ya kumaliza pambano. Ngumi hiyo itasubiri, kwa sababu mwanafunzi ambaye miguu yake haijatulia hana mahali pa kuitolea.

Hatua ya kwanza ni kupimwa afya, hasa moyo, shinikizo la damu na macho, kisha kumtafuta kocha. Kabla ya kujiunga, kaa pembeni siku moja utazame: kocha anayewapambanisha wageni siku ya kwanza ili watu wacheke, muage kwa adabu na usirudi.

Hatua ya pili ni kufunga bandeji, jambo ambalo wengi hulidharau. Mkono una mifupa midogo mingi, na mfupa unaovunjika mara kwa mara kwa mtu asiyejua kupiga ni ule ulio chini ya kidole kidogo. Tumia bandeji ya kitambaa yenye urefu wa kama mita 4.5. Tanua vidole, ingiza kitanzi kwenye dole gumba, pitisha bandeji juu ya mgongo wa kiganja, zungusha kifundo cha mkono mara tatu, kisha zungusha fundo za vidole mara tatu, pita katikati ya vidole, na umalizie kwenye kifundo. Ukikunja ngumi bandeji ikaze, ukiifungua ilegee. Vidole vikianza kufa ganzi, fungua uanze upya. Zifue kila baada ya mazoezi, kwani kwa joto letu la kaskazi bandeji iliyofungiwa mfukoni ikiwa na jasho huoza upesi.

Hatua ya tatu ni kusimama na kutembea, na hapa ndipo ningependa mgeni akae wiki kadhaa bila kulalamika. Anayetumia mkono wa kulia hutanguliza mguu wa kushoto, na mashoto hufanya kinyume chake. Miguu iachane kwa upana wa mabega, magoti yalegee kidogo, kisigino cha nyuma kiinuke, kidevu kiinamishwe, viwiko vikae karibu na mbavu na mikono yote miwili ilinde uso. Unapokwenda mbele, mguu wa mbele ndio unaotangulia. Unaporudi, hutangulia wa nyuma. Ukienda kushoto hutangulia wa kushoto, na kulia hutangulia wa kulia. Miguu isipishane wala isigusane, kwa kuwa ngumi nyepesi ikikukuta katika hali hiyo itakuangusha. Chora mstari wa chaki kwenye sakafu ngumu uufuate. Mchanga wa Raskazone unafaa kwa kukimbia alfajiri, lakini haufai kwa zoezi hili, maana mguu huzama na mwili hujifunza kusukuma vibaya.

Hatua ya nne ni ngumi moja tu, ile ya moja kwa moja ya mkono wa mbele, inayoitwa jabu. Dole gumba likae nje ya ngumi, kifundo kinyooke, fundo mbili za kwanza, ya kidole cha shahada na ya kidole cha kati, ndizo zigonge, pumzi itoke wakati wa kupiga, na mkono urudi usoni kwa njia ileile uliyoendea. Ngumi ya mkono wa nyuma hufuata, na nguvu yake hutoka katika mguu wa nyuma unaozunguka pamoja na kiuno. Kamba, kukimbia na tumbo ni mazoezi ya kila mtu. Anza na raundi za dakika 2, kisha 3, ukipumzika dakika 1.

Kupambana na mwenzako kuje baada ya miezi kadhaa, kwa ruhusa ya kocha, kwa kugusana, mkiwa na kinga ya meno na glovu za aunsi 16. Ukipatwa na kichwa kuuma, kichefuchefu au kizunguzungu baada ya kupigwa, acha siku hiyohiyo ukamwone daktari.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimeshona gunia la katani la kupigia ngumi nikalijaza mchanga. Linafaa?

Jibu: Marahaba. Mchanga mtupu hujishindilia chini ukawa mgumu kama jiwe, na vifundo vyako ndivyo vitakavyolipa. Umwage, ujaze nguo kuukuu, kisha ulivishe gunia turubai, kwa maana katani huchubua.

Swali: Mwanangu ana miaka 12 na anang'ang'ania ngumi. Mimi naogopa kichwa chake.

Jibu: Mama, una haki ya kuogopa. Mruhusu ajifunze miguu, kamba na kupiga begi, lakini mwambie kocha waziwazi kwamba hutaki apigwe kichwani. Kofia ya kinga hupunguza michubuko. Haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu.

Swali: Mwezi wa Ramadhani tuache kabisa?

Jibu: Si lazima. Wakati wa saumu fanya hatua ya tatu taratibu, karibu na magharibi, ili upate maji mapema. Kazi nzito iahirishwe hadi baada ya tarawehe, ukiwa umekwisha kufuturu na chakula kimetulia. Kupambana na mwenzako kungoje mpaka baada ya Idi, kwani mwili uliopungukiwa maji hauvumilii joto wala mapigo.