Tabo Nunua Mwisho

Gari langu ni Subaru Forester XT ya 2004, bodi SG5, injini EJ205 ya lita 2, gia otomatiki. Ndilo linalonipeleka shuleni kufundisha fizikia hapa Arusha, ndilo linaloshusha watoto Moshi kwa bibi yao, na mara mbili kwa mwaka linashuka Dar. Lilikuja na tabo (turbo) yake ya kiwandani, TD04 ya Mitsubishi, ile feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili ikandamize hewa iingie kwenye injini. Ni ndogo, inaamka mapema na kuchoka mapema: ukivuka mizunguko 5,000 ya injini kwa dakika inabaki kelele tu. Nikatamani tabo za STI, yaani Subaru za michezo, zile za kampuni ya IHI zinazoitwa VF. Nilikuwa nimedunduliza milioni tatu na nusu. Nikapanda basi hadi mtaa wa Gerezani, Dar, nikanunua tabo, nikarudi nayo mapajani kama mtoto.

Ikakaa chini ya kitanda miezi saba, kwa sababu hela iliyobaki haikutosha kitu kingine chochote. Kwa hiyo haya ninayokuandikia yamefuata mpangilio ambao mimi sikuufuata.

Anza na injini uliyonayo. Pima kompresheni, yaani kila silinda inakandamiza hewa kiasi gani: injini iwe ya moto, fyuzi ya pampu ya mafuta imetolewa, plagi zote nne nje, pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka chini. Injini ya Subaru imelala, plagi ziko ubavuni, hivyo betri na boksi la hewa lazima vitoke. Fundi akikwambia kapima kwa dakika tano, hajapima. Usishangae namba za Arusha kuwa chini kuliko za Dar, hewa yetu ni nyembamba. Cha kuangalia ni silinda nne zikaribiane. Kwangu ya tatu ilikuwa chini sana. Tukatia kijiko cha oili ndani yake, tukapima tena. Ingepanda, ringi zingekuwa zimekwisha. Haikupanda, maana yake tatizo ni valvu, na kweli valvu za eksozi zilikuwa zimekaza. Nililipa kazi hiyo kwa uchungu, ila ningefunga tabo kubwa juu ya injini ile, leo ningekuwa napanda daladala.

Fundi wangu, kijana mmoja wa Unga Limited, alinicheka. "Mwalimu, tabo ni feni tu, tufunge ipulize." Nikachukua kipande cha chaki, nikamwandikia sakafuni.

Dar, usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni kama bar 1.01. Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, ni kama 0.86. Sasa geji ya busti, yaani mgandamizo ambao tabo inaongeza juu ya ule wa hewa ya nje, isome 0.8 sehemu zote mbili. Dar injini inapokea 1.81, na tabo imeikandamiza hewa mara 1.8. Arusha injini inapokea 1.66 tu, lakini tabo imekandamiza mara 1.93. Yaani huku juu tabo inatoka jasho zaidi, na nguvu unayopata ni pungufu. Ukitaka Arusha ilingane na Dar, geji isome 0.95, na hapo tabo inakandamiza mara 2.1. TD04 ukiisukuma hivyo inageuka jiko, hewa inaingia kwenye injini ikiwa imeshapikwa. Kwa mtu wa nyanda za juu, tabo kubwa kidogo si anasa ya vijana.

Hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili, na huo ndio unaoua magari. Gari linapangwa, yaani kompyuta ya injini inawekewa vipimo vipya vya busti, mafuta na moto wa plagi, Arusha asubuhi yenye baridi, linapendeza, mwenye gari anashuka Dar nalo. Geji inasoma vile vile, ila hewa ni nzito na joto limepanda. Isitoshe, hizi gari za Japani zilipangwa kwa petroli yao ya hali ya juu, inayofikia oktani 100, na yetu haifiki huko. Mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, pistoni zinagonga, na siku moja injini inanoki ukiwa Chalinze. Panga kwa ajili ya Dar hata kama unaishi Njombe.

Halafu mafuta. Hewa ikiongezeka, nozeli zinazopuliza petroli kwenye injini lazima zifuate. Kuna njia rahisi ya kujua kama zako zimefika mwisho: gawanya 120,000 kwa mizunguko ya injini, utapata milisekunde za mzunguko mmoja wa kazi. Kwa mizunguko 6,000 ni milisekunde 20. Kompyuta ikionyesha nozeli imefunguka milisekunde 17, hiyo ni asilimia 85, na hapo simama. Wengi hutafuta nozeli za pinki za STI, ila kagua kwanza: kuna zinazoingiza mafuta kwa juu na zinazoingiza ubavuni, haziingiliani. Pampu ya Walbro ya lita 255 kwa saa inatosha kabisa, ukipata ambayo si feki. Plagi za NGK panda namba moja ya joto, kutoka 6 kwenda 7, zinapoa haraka zaidi.

Sasa ndiyo tabo, na isile zaidi ya theluthi ya bajeti yako. Mimi nachagua mtumba halisi kuliko mpya ya kuiga. Ukiwa dukani, shika mhimili wa feni. Ukicheza kidogo kushoto na kulia, sawa, ni kwa kuwa hauna oili ndani. Ukicheza mbele na nyuma, rudisha. Zungusha huku ukiusukuma pembeni: feni isiguse ukuta. Pitisha kidole kwenye ncha za feni kutafuta mapengo, kisha mulika upande wa moto, kwenye mlango wa kupunguza busti, utafute nyufa. Muuzaji akikuharakisha, aga.

Kufunga, tabo za VF hukaa mahali pale pale pa TD04, ingawa mabomba ya maji na mpira wa kuvuta hewa huenda vikahitaji kurekebishwa. Gasketi zote mpya. Bolti inayopitisha oili kwenda kwenye tabo huwa na kichujio kidogo ndani. Kikiziba, tabo inakufa kwa kiu, nawe utamlaumu aliyekuuzia. Bomba linalopandisha moshi hadi kwenye tabo nalo lichungulie: baadhi ya Subaru za miaka ile zina katalisti (kisafisha moshi) humo, na ikimeguka vipande vinaingia moja kwa moja kwenye feni. Kabla ya kuwasha, mimina oili kwenye tundu la tabo, kisha piga stata bila mafuta mpaka taa ya oili izimike. Baada ya kilomita 500, mwaga oili hiyo.

Kuhusu ile valvu ya kumwaga hewa inayopiga "pshii", ambayo vijana wanaitaka hata kabla ya breki nzuri. Subaru hii hupima hewa kabla haijafika kwenye tabo. Ukiimwaga nje, kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, inaleta mafuta kwa ajili ya hewa ambayo haipo tena, plagi zinakuwa nyeusi na gari linakwama kila ukiachia. Weka ya kurudisha ndani, uvumilie ukimya.

Hela ya kupanga kontroboksi itenge siku ya kwanza, uifungie kwenye bahasha. Kuna vifaa vya bei poa vinavyoidanganya isikate mafuta busti ikizidi, usifunge. Mimi nilinunua kebo ya Tactrix ya kuunganisha laptopu na kontroboksi, nikatumia RomRaider, programu ya bure, kurekodi, na mpangaji akarekebisha akiwa mbali. Nilimtumia rekodi za Arusha, kisha nikashuka na laptopu hadi Dar, nikamtumia nyingine za saa nane mchana. Alipoona hizo za pili alipunguza busti na kuchelewesha moto wa plagi. Chini ya busti kamili nataka kuona hewa 11 kwa petroli 1, na ikipanda kuelekea 12 naachia mguu.

Leo geji inasoma 0.9. Busti inachelewa kidogo kuliko zamani, naihisi kwenye mizunguko 3,300, ila mlima hausumbui tena. Kinachonipa mawazo sasa ni giaboksi, kwa kuwa otomatiki hii haikujengwa kwa nguvu hizi. Oili yake nabadilisha kila kilomita 30,000, na taa za barabarani zikiwa kijani wacha watu wa Crown watangulie.