Tumbawe Limekuwa Jeupe Tangini: Fanya Haya Kabla ya Kushika Dawa

Huku Mtwara vipimo na dawa za matumbawe huagizwa mbali na huchukua muda kufika. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mtu anayefuga matumbawe katika tangi la maji ya chumvi, akitegemea kwanza macho yake, tochi na kipimajoto. Nitakaza jambo moja: weupe wa tumbawe ni wa namna mbili, na kila namna ina tiba yake. Lililopauka bado li hai, linahitaji kupumzishwa. Linalochunika linaoza, linahitaji kukatwa siku hiyohiyo. Ukikata la kwanza au ukilisubiri la pili, umelipoteza.

Hatua ya 1: Litazame usiku

Saa moja au mbili baada ya taa kuzimwa, simamisha pampu za mkondo, maji yatulie, kisha mulika kwa ubavu. Tumbawe lililopauka lina nyama bado. Ni nyembamba, unaona mfupa mweupe kupitia ndani yake, lakini polipu, yaani vinyama vidogo vinavyounda tumbawe, hutoa minyiri midogo gizani. Kilichopotea hata likawa jeupe ni mwani wadogo sana wanaoishi ndani ya nyama hiyo, ambao ndio wanaolilisha sehemu kubwa ya chakula chake kutokana na mwanga.

Linalochunika lina mfupa mtupu, na pembeni mwa mfupa huo kuna mstari ambapo nyama inaishia. Vuta maji ya tangi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, yapulize taratibu kwenye mstari huo. Nyama ikiruka vipandevipande, usingoje kesho, nenda moja kwa moja hatua ya 4.

Angalia pia ugonjwa umeanzia wapi. Weupe wa upande wa juu tu, unaotazama taa, mara nyingi ni mwanga uliozidi. Nyama inayoacha mfupa kuanzia kitakoni kwenda juu hunifanya nishuku alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi) iliyopanda na kushuka, au mkondo dhaifu. Ncha zilizoungua huku mwili ukiwa mzima: alkalini iko juu na virutubisho viko chini mno. Madoa ya duara yaliyotawanyika ni ya kuliwa, hasa na minyoo bapa kwa matumbawe ya Acropora, yale ya matawi.

Hatua ya 2: Pima joto, chumvi, kisha alkalini

Joto liwe nyuzi 24 hadi 27. Chumvi iwe gramu 35 kwa kilo moja ya maji, yaani 1.025 au 1.026 kwenye kipimo cha uzito wa maji (haidromita). Alkalini iwe 8 hadi 9 kwa kipimo chake kiitwacho dKH, kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita. Nitreti isiwe sifuri. Maji yasiyo na virutubisho kabisa hulidhoofisha tumbawe, hata kama tangi linapendeza macho.

Kwetu joto ndilo la kwanza kulitilia shaka. Kuanzia Novemba mpaka Machi, chumba cha bati kilichofungwa mchana hulipeleka tangi juu ya nyuzi 30, na likikaa hapo siku kadhaa matumbawe hupauka. Bahari yenyewe ya Afrika Mashariki ilipata hilo mwaka 1998, na tena 2016. Weka feni ndogo ipulize juu ya uso wa maji, kifuniko kikiwa wazi. Itashusha nyuzi mbili au tatu. Usishushe zaidi ya nyuzi moja kwa siku, na usitie barafu. Feni hukausha maji na kuacha chumvi, kwa hiyo kinachopungua kijazwe kwa maji matamu yaliyochujwa, siyo ya bahari, wala ya bomba yenye klorini.

Anayechota maji baharini ana la ziada. Wakati wa mvua, Lukuledi huumwagia mlango wa ghuba ya Lindi maji matamu na tope, na Ruvuma hufanya vivyo hivyo upande wa kusini. Mwombe mvuvi akuchotee nje, mbali na mlango wa mto, maji yakiwa yanajaa, kwa madumu ambayo hayajawahi kubeba dizeli wala sabuni. Pima chumvi ya kila dumu kabla halijaingia tangini.

Hatua ya 3: Lililopauka, lipumzishe

Punguza mwanga kwa theluthi moja, au inua taa juu. Rekebisha alkalini polepole, isizidi dKH 1 kwa siku. Badilisha maji asilimia 10, siyo nusu ya tangi. Lilishe artemia wachanga (vijidudu jamii ya uduvi) usiku, mara mbili kwa wiki, kidogokidogo, kwa sababu mlishaji wake ameondoka. Usiliguse wala kulihamisha kila siku. Rangi hurudi kwa wiki nyingi, wakati mwingine miezi, na mwanga urudishwe kwa mwendo huohuo.

Umeme ukikatika, jambo la kuokoa kwanza ni mzunguko wa maji, siyo taa. Nunua pampu ya hewa ya betri mapema.

Hatua ya 4: Linalochunika, likate

Vaa glavu na miwani. Kata kwenye nyama nzima, angalau sentimita moja kupita mstari wa ugonjwa, kisha bandika kipande kizima juu ya jiwe safi kwa supa gluu nzito. Ukiona ute wa kahawia unaonuka, uvute wote kwa bomba la sindano, pampu zikiwa zimezimwa usije ukasambaa, ndipo ukate.

Baada ya kukata, na pia ukiona alama za kuliwa, liogeshe dakika 10 hadi 15 katika ndoo ya maji ya tangi yenye iodini ya matumbawe, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Maji hayo yasirudi tangini. Mayai ya minyoo bapa hayafi kwa dawa hii, kwa hiyo yakwangue na urudie baada ya wiki.

Dawa ya samaki yenye shaba isikaribie tangi hili, inaua matumbawe. Na zoanthidi, wale wanaofanana na vifungo vya nguo vilivyopangwa juu ya jiwe, usiwachemshe wala kuwasugua kwa maji ya moto. Baadhi yao wana sumu kali iitwayo palitoksini, na mvuke wake umewahi kuwalaza watu hospitali, familia nzima kwa mara moja.

Likifa

Usiende kuchukua jingine mwambani. Matumbawe yote ya mawe yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, na Msimbati iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Tafuta kipande kilichokatwa kwenye tangi la mwenzako. Na lile linaloumwa usilirudishe baharini kwa huruma. Litapeleka minyoo na magonjwa ya tangi kwenye mwamba ambao hakuna mtu atakayeweza kuuogesha kwa iodini.