Kubadilisha pampu ya dizeli kwenye Toyota Hilux ya injini ya 3L (jina la injini, si lita tatu)

Kwanza hakikisha pampu ndiyo mbovu kweli. Washa swichi na usikilize kifaa cha kukata mafuta, kile chenye waya mmoja juu ya pampu. Kisipolia "tik", pima waya wake kwa taa ya 12V kabla hujanunua pampu.

Hatua ya 1. Toa betri, maji, feni, mikanda na kava ya taimingi.

Hatua ya 2. Leta pistoni namba moja juu kabisa kwenye kompresheni, alama za krenki, kemshafti na pampu zikae mahali pake. Toa mkanda wa taimingi. Kuanzia hapo usizungushe krenki, valvu zitagonga pistoni.

Hatua ya 3. Puli ya pampu ing'olewe kwa pula, kifaa cha kuvutia puli. Nyundo hapana. Paipu zote zibe kwa nailoni safi. Mchanga kidogo tu unaua nozeli.

Hatua ya 4, taimingi, yaani wakati pampu inapopiga mafuta. Ukirudisha pampu ileile, mstari uliouchora kati ya pampu na injini kabla ya kuitoa unatosha kuanzia. Pampu ikiwa nyingine, mstari huo hauaminiki, tumia geji ya saa, kipimo chenye mshale kinachosoma mwendo mdogo. Funga mkanda mpya, zungusha krenki kwa mkono mara mbili, hakiki alama. Fungua kizibo cha pampu kilicho katikati ya paipu nne, ufunge geji.

Sasa angalia ubavuni mwa pampu. Kama pampu ina kifaa cha kuwashia baridi, chenye mipira ya maji, injini baridi itakupa kipimo cha uongo, maana kifaa hicho kimeshawahisha taimingi. Sukuma wenzo wake, chomeka kipande cha chuma cha milimita 9 hivi kuuzuia. Rudisha krenki digrii 25 hadi 30 kabla ya juu, weka geji sifuri, zungusha polepole mpaka juu, soma. Namba itoke kwenye kitabu cha injini hiyo. Kuwahisha, geuza mwili wa pampu kinyume cha mzunguko wa shafti. Kuchelewesha, fuata mzunguko.

Wapo wanaotega taimingi kwa sikio na moshi mweupe. Mimi sikubali: nozeli mbovu nayo hugonga, kompresheni ndogo nayo hufuka.

Hatua ya 5. Toa upepo kwa pampu ya mkono ya filta mpaka iwe ngumu. Legeza nati kwenye nozeli, piga stata kwa vipindi vifupi, dizeli ikitoka bila povu kaza. Mikono iwe mbali, presha hiyo hutoboa ngozi; ikikupiga nenda hospitali hata kama kidonda ni kidogo. Wala usipulizie etha: plagi za joto huilipua.