Zima kioo kwanza: namna ya kutazama kichupa bila kuupoteza wimbo

Mimi hupiga muziki kwenye sherehe hapa Tanga. Mwaka 2017 nilikodiwa sendofu moja Chumbageni. Kamati ilibakiwa na hela kidogo ikaongeza projekta, nikaambiwa nyimbo zote ziende na picha zake ukutani. Binti mwenyewe alikuwa ameniandikia nyimbo sita kwenye karatasi ya daftari. Wa nne ulikuwa wa mwanamume anayeahidi kumngoja mpenzi wake hata ipite miaka. Nilikuwa nao kwenye flashi tangu zamani, sauti tu, na harusi nilizoupiga hazina idadi. Mchana ule nikaishusha video yake, kichupa kama tunavyoita, nikajaribu kama inafunguka, ikafunguka, nikafunga.

Beti ya kwanza ilikwenda vizuri. Bahari, jua linazama, watu wawili wamekaa kwenye ngalawa. Beti ya pili likaingia jeneza jeupe. Kumbe anayengojwa amekufa, na jamaa anamngojea makaburini. Ukumbi mzima kimya. Shangazi wa binti akanijia mbio, kanga imemdondoka begani: "Mwanangu, zima hilo jambo! Unatuzikia mtoto?"

Nilizima. Maneno ya wimbo hayakubadilika hata silabi moja, lakini hadi leo nikiusikia redioni naliona lile jeneza. Picha ikishaingia kichwani haitoki kwa kufumba macho. Basi nikajitengenezea utaratibu, na ndio huu. Utamfaa mshereheshaji mwenzangu, mwalimu anayefundisha ushairi kwa bongofleva, mzazi anayeshindwa kuelewa watoto wanatazama nini, na hata wewe unayependa tu kujua wimbo unasema nini.

Anza kwa kusikia. Kama wimbo unao YouTube peke yake, ucheze kisha ifudikize simu mezani. Bando litaliwa vile vile, hilo halina dawa. Sikiliza mara mbili. Mara ya kwanza usifanye lolote. Mara ya pili shika kalamu ujibu maswali manne: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na kipi amekificha. Usiandike unachokumbuka kutoka kwenye video, andika kile sikio limekupa. Utashangaa jinsi majibu yanavyokuwa machache. Mara nyingi hutajua hata kama anayeimbiwa yupo chumbani au ameshaondoka zamani. Pengo hilo liache hivyo hivyo, usilizibe.

Swali la nne ndilo lenye kazi, na watu wa pwani tunapaswa kulijua kuliko wengine. Bibi yangu alikulia Ngamiani enzi za Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab vya hapa hapa mjini, Bi Shakila akiimba. Kuna wimbo wake unaosema kwa jina lake tu kwamba macho yanacheka, na kila mtu wa pwani anajua moyo unafanya nini wakati huo. Bibi hakuwa na video ya wimbo ule. Alichokuwa nacho ni ukumbi. Mwimbaji akifika kwenye ubeti fulani, mwanamke mmoja anainuka na noti mkononi, anakwenda kutunza taratibu, shingo ameigeuza upande. Ukumbi wote unafuata shingo ile: anamtazama nani? Usiku ule wimbo ulikuwa wa yule aliyetazamwa. Wiki inayofuata anainuka mwingine, kwa ubeti ule ule, na wimbo unahamia kwa mtu mwingine. Fumbo lilikuwa kila wiki na mfumbuaji wake. Kichupa kinamteua mfumbuaji mmoja, muongozaji, na jibu lake ndilo linalokwenda kila nyumba.

Ukishaandika majibu yako, pumzika. Mimi huwa nakwenda kunywa chai.

Sasa washa kioo, zima sauti. Watu hudharau hatua hii kwa sababu inachosha, na kweli inachosha, kutazama watu wanafungua midomo bila neno. Ivumilie. Mtafiti mmoja, Chia-Jung Tsay, naye ni mpiga piano, alichapisha mwaka 2013 majaribio aliyoyafanya kwa mashindano ya muziki wa kizungu. Wengine aliwapa sauti, wengine video isiyo na sauti, akawauliza nani alishinda. Waliotazama bila kusikia walipatia zaidi kuliko waliosikia. Hata wanamuziki wenyewe, ambao karibu wote walisema sauti ndiyo wanayoitegemea. Kwa hiyo usijidanganye kwamba wewe una sikio zuri na picha haikupati.

Kwenye kimya hicho, tazama mambo haya. Kuna igizo kabla muziki haujaanza? Vichupa vingi vina dakika nzima ya mazungumzo, simu inaita, mtu anafumaniwa, ndipo mdundo unaingia. Igizo hilo halimo kwenye wimbo, lakini ukishaliona utalisikia kila mara. Kiitikio kinapoingia, kamera iko kwa nani? Na mwisho je? Mwisho ndipo wanapopenda kugeuza kibao: alikuwa ndoto, alikuwa marehemu, alikuwa dada yake. Andika na dakika zake. Mimi ningefika dakika ya pili tu siku ile nisingefokewa.

Jambo moja dogo: simu ikikaa mbele ya kamera mpaka umesoma jina lake, au soda ikigeuzwa ili nembo ionekane, usiitafutie maana kwenye mashairi. Huyo ni mdhamini. Nimeshamsikia mtu akieleza kwa kirefu eti gari jekundu ni ishara ya damu ya wivu. Gari lilikuwa la kukodi, kaka.

Hatua ya tatu ni kuviweka pamoja na kulinganisha na karatasi yako. Hapa usiulize kama video ni nzuri. Uliza imeleta nini ambacho sikio halikukupa.

Mfano ninaoutumia kila nikimfundisha kijana wa kunisaidia kazi ni Mtasubiri ya Diamond Platnumz na Zuchu, ya mwaka 2022. Isikilize peke yake kwanza. Ni wapenzi wawili wanaowasema wale wanaongojea kwa hamu waachane: mtasubiri sana. Mipasho ya kistaarabu, ungeweza kuiandika kwenye kanga. Halafu tazama kichupa. Kuna kanisa, kuna kwaya, na wahusika wanaondoka mazoezini kwenda kwenye mambo yao. Mwezi Septemba mwaka ule TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kufuatia BASATA, baraza la sanaa la taifa, ikaviambia vyombo vya habari viache kuionyesha kwa sababu ya sehemu ile. Kilicholeta ugomvi ni picha. Kwa hiyo kazi ninayompa kijana ni hii: sikiliza wimbo, kioo chini, uniambie unafika vipi kanisani. Akirudi na jibu, ndipo tunaanza kubishana kama muongozaji aliongeza chumvi au alimwaga pakiti nzima. Mimi naona sehemu ile iliupa wimbo ugomvi mpya na watu ambao mashairi hayakuwataja. Wenye subira zao walisahaulika kabisa, mjadala wote ukawa wa kanisa.

Kenya walishapita njia hiyo. Sauti Sol walipoachia Nishike mwaka 2014, vituo kadhaa vya televisheni vilikataa video yake kwa sababu ya miili ilivyoonyeshwa. Ukiusikia bila kuona, ni mtu anabembeleza.

Kuna hali moja ambapo hatua ya kwanza inakuwa ngumu: wimbo uko kwa lugha usiyoijua. Hapo picha hukalia kiti cha mkalimani, na mkalimani huyu haulizwi cheti. Saida Karoli wa Bukoba aliimba Maria Salome kwa Kihaya, na huku Tanga tulichambua kama karanga bila kujua tunachambua nini. Mwaka 2016 Diamond na Rayvanny wakaufanya upya kwa Kiswahili, wakauita Salome, na video yake ikajaa viuno na rangi. Muulize kijana wa leo Salome ni nani, atakuelezea mcheza ngoma aliyemwona kwenye kichupa. Muulize Mhaya mwenye umri wa mama yangu, umpe na kiti akae, maana maelezo ni marefu.

Lakini ulionifundisha zaidi ni Jerusalema wa Master KG na Nomcebo, kutoka Afrika Kusini. Ulitoka mwishoni mwa 2019. Februari 2020 kikundi cha Luanda kinachoitwa Fenómenos do Semba kikajirekodi kinaucheza uani, sahani za chakula mkononi, wanakula huku wanapiga hatua kwa pamoja. Dunia nzima ikaiga: wauguzi, mapadri, polisi. Hiyo haikuwa hata video rasmi ya wimbo! Nami nikaupiga kwenye harusi wakati wa kuingiza chakula, kwa sababu macho yangu yalikuwa yameshaambiwa kwamba huu ni wimbo wa sahani. Ilichukua miezi mtu mmoja ananiambia maneno yake ya Kizulu: Yerusalemu ndiko kwetu, niokoe, tembea nami, usiniache hapa. Sala ya mtu aliyechoka na mahali alipo. Sikuuondoa kwenye orodha. Niliuhamisha tu. Siku hizi naupiga mwishoni, watu wanapoagana, na wanaojua maneno wananitazama kwa namna ya pekee.

Kwa hiyo kwa lugha ngeni, geuza mpangilio: tafuta tafsiri ya maneno kabla ya kitu chochote, ikiwezekana kwa mtu anayeizungumza na si kwa mashine. Halafu ndiyo urudi kwenye sikio, kisha jicho.

Ukitaka kujua picha ina nguvu kiasi gani juu yako, cheza mchezo huu na watoto nyumbani. Chukua video yoyote, zima sauti yake, kwenye simu nyingine cheza wimbo wa mtu mwingine kabisa. Wimbo wa kuachwa juu ya kichupa cha harusi. Ndani ya dakika moja kila mtu atakuwa na hadithi: anaolewa na asiyempenda, yule wa nyuma ndiye aliyeachwa, tazama macho yake. Mrusi mmoja, Lev Kuleshov, alifanya jambo la aina hiyo kwenye sinema miaka mia moja iliyopita. Alichukua uso uleule wa mwigizaji, akaupachika kando ya sahani ya supu, kando ya jeneza, na kadhalika. Watazamaji wakasifu jinsi mwigizaji anavyoonyesha njaa, kisha majonzi. Uso haukubadilika. Wapwa zangu walipoucheza mchezo huu walikesha wakilinganisha, na mmoja alikataa katakata kuamini kwamba wimbo na video havikuwa vya mtu mmoja.

Nisieleweke kwamba navichukia vichupa. Bila kichupa cha Sura Yako ya Sauti Sol nisingejua lipala linachezwaje, na lipala limeniokoa kwenye harusi nyingi zilizopoa. Ninachotaka ni mtu awe na wimbo wake kabla ya kupewa wa muongozaji. Baba yangu na mjomba wangu wote wawili walimsikia Zuwena wa Marijani Rajab redioni, zamani sana kabla ya 1994, televisheni zilipoanza huku Bara. Zuwena wa baba ni mrefu, mweusi, ana mwanya. Zuwena wa mjomba ni mfupi na anavaa miwani. Wanabishana mpaka kesho, na wote wawili wanamjua vizuri.

Kwa upande wa kazi, sheria zangu ni mbili. Flashi yangu ina mafaili mawili, moja limeandikwa SPIKA, la pili KIOO. Wimbo hauingii KIOO mpaka nimeutazama hadi sekunde ya mwisho, pamoja na yale majina yanayopita. Na mteja akinipa orodha yenye projekta, namuuliza: video yake umeiona, au umeusikia tu?

Swali hilo nililipata kwa yule binti wa Chumbageni. Wiki chache baada ya harusi nilimfuata kwao kuomba radhi, nikamkuta na mumewe uani. Hakuwa na hasira. Akaniambia hakuwahi kuiona ile video maishani mwake. Mumewe alikuwa baharia, miezi minane hayupo, na huo wimbo ndio aliokuwa akiusikiliza usiku kwenye redio ndogo ya jikoni. Kwenye wimbo wake hakukuwa na mtu aliyekufa. Kulikuwa na meli inaingia bandarini. Mwaka jana walinikodi aqiqa ya mtoto wao wa pili, akaniandikia orodha kama kawaida yake. Ule wimbo ulikuwemo, na pembeni yake ameandika: spika tu.